Wimbo Mmoja kwa Jamii Nzima: Uwakilishaji wa Tamaduni kwa Mahadhi, kutoka Nairobi hadi Michezo ya Kompyuta

Utangulizi

Miongoni mwa michezo ya kompyuta iliyoenea duniani tangu mwisho wa karne ya 20, imo ile iitwayo michezo ya mikakati. Katika michezo hiyo mchezaji hukabidhiwa jamii moja aiongoze kutoka zama za kale hadi zama za sasa: ajenge miji, afanye biashara, apigane vita na kufanya suluhu na jamii nyingine. Ili kila jamii itambulikane mara moja, watungaji huipa mavazi yake, majengo yake, na, jambo ambalo ndilo shabaha ya makala haya, huipa pia mahadhi yake. Hivyo wimbo wa dakika chache hutwikwa mzigo wa karne nyingi.

Yawezekana msomaji akadhani kwamba jambo hili ni geni, na kwamba halihusiani na taaluma ya lugha na fasihi za Kiafrika. La hasha. Tatizo la kuchagua wimbo mmoja usimame mahali pa jamii nzima limeshughulikiwa Nairobi kwa muda mrefu, kabla kompyuta hazijafika katika maduka na nyumba za mji huo. Lilijitokeza wakati wa uhuru, likajitokeza tena katika kumbi za ngoma na katika mashindano ya kwaya. Kwa hiyo historia ya Nairobi yaweza kutupa kipimo cha kuipimia michezo hii.

Kipimo hicho kina maswali matatu. Mahadhi ni ya nani? Maneno ni ya lugha gani? Na ni nani aliyepewa kazi ya kuyaimba au kuyapiga? Makala haya yatajaribu kuonyesha kwamba majibu ya maswali haya ni nadra kuelekea upande mmoja. Yatadai pia kwamba Kiswahili, katika mchezo mmoja mashuhuri sana, kilipewa nafasi ya sauti bila ya kupewa nafasi ya historia.

Wimbo wa Taifa, 1963

Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kupokea uhuru, watu watano walipewa kazi ya kuitafutia nchi wimbo wa taifa. Nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hyslop alikuwa Mwingereza, na wasomi wa Kiswahili wanamjua pia kwa tamthilia yake fupi, Afadhali Mchawi (1957). Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, baadaye aliandika kitabu juu ya muziki wa asili wa Kenya kilichochapishwa Nairobi mwaka 1986. Omondi naye alikuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyatiti ya Wajaluo.

Mahadhi waliyoyachagua yalitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa bonde la Mto Tana, na aliyewapatia ni Meza Moroa Galana. Busara ya uchaguzi huo haihitaji maelezo mengi. Wapokomo ni watu wachache, na hapana jamii kubwa ambayo ingeweza kulalamika kwamba jirani yake amependelewa. Maneno yalitungwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na upigaji ukaachiwa bendi za majeshi zenye tarumbeta na ngoma za mtindo wa Ulaya. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, katika uwanja ambao leo unaitwa Bustani ya Uhuru, kando ya barabara ya Langata, wimbo uliozaliwa mikononi mwa mama ulisikika mbele ya umati wa watu waliosimama wima, bendera mpya ikipandishwa.

Tukiutazama wimbo huu kwa maswali yetu matatu, tunapata majibu matatu yaliyo mbalimbali. Mahadhi ni ya Wapokomo, maneno ni ya lugha ya wote, na wapigaji ni askari waliofunzwa muziki wa Ulaya. Hata hivyo kuna jambo moja la kusifiwa: asili ya mahadhi haikufichwa. Watoto wa shule husomeshwa kwamba wimbo wa taifa ulitoka kwa Wapokomo. Kilichosahauliwa ni kazi ya wimbo wenyewe. Ni wachache wajuao kwamba msingi wa heshima hii yote ni sauti ya kumlaza mtoto. Basi mahadhi yanapohama, jina la mwenyewe laweza kubaki hali matumizi yake yakapotea.

Bomas na Kikundi Kimoja cha Ngoma Nyingi

Si mbali na bustani hiyo, kusini-magharibi ya jiji, palijengwa mahali pengine pa kuwakilishia tamaduni. Bomas of Kenya ilianzishwa na serikali mwaka 1971 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1973. Madhumuni yake yalikuwa mawili: kuhifadhi utamaduni na kuwavutia watalii. Nje palijengwa mifano ya maboma ya jamii mbalimbali za Kenya, na ndani ya ukumbi mkubwa wa duara ngoma za jamii hizo zikachezwa.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni wachezaji wenyewe. Kikundi cha Harambee Dancers kilikusanya vijana wa makabila mbalimbali, kikawafundisha ngoma za wote. Mchezaji yule yule aliyecheza isukuti ya Waluhya angeweza, baada ya muda mfupi wa kubadilisha mavazi, kurudi uwanjani akicheza sengenya ya Wadigo na Waduruma. Ngoma ambayo kijijini yaweza kuendelea usiku kucha ilikatwa ikawa ya dakika chache, kisha ikafuatwa na nyingine. Mtazamaji alitoka akiwa ameizunguka nchi nzima bila ya kuondoka kitini.

Wapo waliolaumu mtindo huu, nao wana hoja. Isukuti ya Waisukha na Waidakho ina siku zake na sababu zake: kuzaliwa, ndoa, mazishi, michezo ya mieleka na ya mafahali. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma hii katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma inaweza basi kuchezwa kila alasiri jijini na papo hapo ikawa inadhoofika kwao. Lakini upo upande wa pili. Watoto wengi waliozaliwa Kawangware, Kangemi au Dagoretti, ambao wazazi wao walitoka mikoa mbalimbali kuja kutafuta kazi, walifahamu huko kwamba jirani zao nao wana ngoma yenye ufundi na heshima. Wala si bahati tu kwamba mkutano wa kitaifa wa kujadili katiba mpya, miaka ya 2003 na 2004, ulifanyika Bomas. Mahali palipozoea kukutanisha ngoma za wote palikubalika kukutanisha hoja za wote.

Bomas inatufundisha pia kwamba uwakilishaji hupenda kilicho cha kale, au kinachodhaniwa kuwa cha kale. Mwomboko wa Wakikuyu ni mfano mzuri. Ngoma hii ilizuka zama za ukoloni, na ala zake kuu ni akodioni na kipande cha chuma kiitwacho karing'aring'a. Hatua zake zina athari ya dansi za Wazungu. Mwomboko ni wa Wakikuyu bila ya shaka yoyote, maana waliufanya kuwa wao. Lakini mtungaji wa mchezo wa kompyuta, akitakiwa kutafuta sauti ya Wakikuyu, ni shida kufikiri kwamba angechukua akodioni. Angetafuta ngoma na filimbi, kwa kuwa ndivyo msikilizaji wa mbali atarajiavyo. Matarajio ya msikilizaji huwa na nguvu kuliko historia ya mwenye wimbo.

Kwaya, Tamasha na Misa ya Waluba

Njia ya tatu ya uwakilishaji ilipitia kwaya. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, kwa miaka mingi limekuwa na fungu la nyimbo za asili zilizopangwa upya kwa sauti nne: wimbo wa kijijini huchukuliwa, hugawanywa kwa sauti za juu, za kati na za chini, kisha huimbwa jukwaani mbele ya waamuzi. Nyimbo nyingi zimehifadhika kwa njia hii. Hata hivyo ndani ya mtindo huu imo fikira moja iliyojificha, nayo ni kwamba wimbo wa asili ni malighafi, na kwamba hukamilika utakapovikwa sauti nne. Fikira hii tutakutana nayo tena mbele.

Kwaya iliyoifikisha Nairobi mbali kwa njia hii ni Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga. Mwaka 1990 kampuni ya Philips ilitoa rekodi ya kwaya hiyo ikiimba Missa Luba. Misa hii ilikusanywa Kamina, katika Kongo ya Wabelgiji, na Padri Guido Haazen pamoja na waimbaji wake, na ikaanza kujulikana Ulaya mwaka 1958. Maneno yake ni Kilatini cha kanisa. Mahadhi yake na namna ya kuitikiana ni ya Kikongo. Wakenya walipoiimba, misa ikawa imepita mikono mitatu: lugha ya Roma, mahadhi ya Kongo, sauti za Nairobi.

Missa Luba inatajwa hapa kwa sababu ni kinyume kamili cha wimbo utakaofuata. Katika misa ile, maneno ya kigeni yalipokelewa ndani ya muziki wa Waafrika. Katika wimbo ujao, maneno ya Kiafrika yalipokelewa ndani ya muziki wa kigeni.

Baba Yetu

Mchezo uitwao Civilization ulibuniwa na Sid Meier na kutolewa Marekani mwaka 1991. Toleo lake la nne lilitoka mwaka 2005, chini ya uongozi wa Soren Johnson. Johnson alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na mtunzi wa muziki Christopher Tin, naye akamwomba atunge wimbo wa ufunguzi. Tin alitunga Baba Yetu, ukaimbwa na Talisman, kikundi cha waimbaji wa chuo hicho hicho. Mwaka 2009 wimbo ulirekodiwa upya kwa ajili ya albamu Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Safari hii waimbaji walikuwa Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini, wakisindikizwa na okestra ya Royal Philharmonic ya London. Mnamo Februari 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo.

Maneno yake ni Sala ya Bwana, yaani ile iliyomo katika Injili ya Mathayo, sura ya 6. Mkazi wa Nairobi aliyeufungua mchezo huo kwa mara ya kwanza, awe katika duka la intaneti katikati ya jiji au nyumbani kwao Kilimani, alisikia maneno ambayo huenda aliyasema Jumapili iliyopita katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote au katika Basilika ya Familia Takatifu. Mshangao wake ulikuwa wa haki. Lugha yake ilikuwa imepewa kazi ya kuufungulia ulimwengu mlango, wakati picha ya dunia ikionekana mbele yake.

Mwanafunzi wa lugha atatambua jambo jingine. Sala hii ina zaidi ya sura moja katika Kiswahili. Biblia ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, huomba riziki. Wakatoliki, katika sala yao, huomba mkate. Tafsiri ya Habari Njema huomba chakula, na chakula ndilo neno lililomo katika wimbo wa Tin. Maneno hayo matatu yana historia tatu. Riziki ni neno lililotoka Kiarabu, na hubeba dhana ya majaliwa ambayo Mwislamu wa Lamu na Mkristo wa Nairobi huielewa sawasawa. Mkate hufuata neno la Kigiriki na desturi ya walao ngano. Chakula ni neno la Kibantu, la kila siku, lisilo na fumbo. Hivyo hata wimbo unaosikika kama sauti moja ya Afrika umechagua, labda bila ya kujua, njia moja kati ya njia kadhaa za Waswahili wenyewe.

Sasa turudi kwenye kipimo chetu. Maneno ni ya Kiswahili. Mahadhi ni ya Mmarekani, aliyefuata desturi ya kwaya za Afrika ya kiongozi kutangulia na wengine kuitikia. Waimbaji walikuwa wanafunzi wa Stanford, kisha kwaya ya Afrika Kusini, nchi isiyosema Kiswahili. Pwani ya Afrika Mashariki, ambako lugha hii ilikuzwa, haimo katika mahadhi wala katika sauti.

Tena haimo katika mchezo wenyewe. Toleo la nne lilikuwa na Wamisri na Wamali, na nyongeza zake zilileta Wazulu, Wakarthago na Wahabeshi. Waswahili hawakuwamo. Hapana Kilwa, hapana Pate, hapana Lamu kama dola iwezayo kuongozwa na mchezaji. Zaidi ya hayo, aliyechagua kumwongoza Mansa Musa wa Mali, muda mwingi wa mchezo alisikia muziki wa watunzi wa Ulaya kama Bach, Mozart na Beethoven, na alipofika zama za sasa akasikia muziki wa John Adams wa Marekani. Mlangoni palisikika Kiswahili. Ndani ya nyumba, kadiri karne zilivyosonga, ulitawala muziki wa Ulaya na Marekani.

Hapana haja ya kumlaumu mtunzi. Wimbo wake ni mzuri, nao umekifikisha Kiswahili katika kwaya za nchi ambazo hazikupata kukisikia. Lakini ifahamike kwamba kilichotumika ni mlio wa Kiswahili kama ishara ya ubinadamu wote, au ya Afrika kama mwanzo wa watu wote. Heshima ya kuwa mwanzo wa wote yaweza pia kuwa njia ya kunyimwa yaliyofuata baada ya mwanzo.

Kila Jamii na Wimbo Wake

Toleo la sita, la mwaka 2016, lilijaribu kuirekebisha kasoro ya muziki mmoja kwa wote. Kila jamii ilipewa mahadhi yake, aghalabu kutoka nyimbo za asili: Waingereza walipewa Scarborough Fair, Wachina Mo Li Hua, Warusi Kalinka. Wakongo, chini ya mfalme wao Mvemba a Nzinga, walipewa Banaha, wimbo ambao kwaya nyingi duniani zinaujua kama wimbo wa watoto wa Kongo.

Hapa pana masuala mawili. La kwanza ni la jina. Ufalme wa Kongo wa Mvemba a Nzinga, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 16 na kujulikana pia kwa jina la Afonso I, ulikuwa karibu na bahari ya Atlantiki. Kongo ya leo ni nchi kubwa mno, yenye lugha zaidi ya 200. Wimbo kuitwa wa Kongo katika vitabu vya kwaya hakutoshi kuufanya kuwa wimbo wa ufalme ule. Ni kama mtu angechukua wimbo wowote ulioimbwa Kenya akauita wa Wapokomo.

Suala la pili ni la maendeleo. Mahadhi ya kila jamii hupitia zama nne: za kale, za kati, za viwanda na za atomiki. Katika zama za kale wimbo hupigwa kwa ala chache za kienyeji. Kadiri karne zinavyosonga, ala huongezeka, hata mwishoni wimbo hupigwa na okestra kubwa. Ufundi wake hauna shaka. Lakini ile fikira tuliyoikuta katika Tamasha la Muziki imerudi: kwamba wimbo hukua kwa kuelekea Ulaya, na kwamba okestra ndiyo utu uzima wa muziki wote. Historia ya Nairobi inakanusha jambo hili. Wakikuyu walipoipokea akodioni waliifanya itumikie hatua zao wenyewe, na matokeo yake yakawa mwomboko.

Na Waswahili je? Katika toleo hilo la sita Zanzibar imo, lakini kama mji mdogo wa biashara. Mchezaji hawezi kuuongoza. Akifanya nao urafiki hupewa karafuu na mdalasini. Mahadhi yake haupewi. Toleo la saba, la mwaka 2025, liliwaleta Waganda kama jamii kamili, na hiyo ni hatua mbele kwa Afrika Mashariki.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii, yaonekana kwamba uwakilishaji wa jamii kwa wimbo mmoja haukwepeki. Taifa linahitaji wimbo, ukumbi wa ngoma unahitaji orodha, na mchezo wa mikakati unahitaji alama za kutambulisha. Haifai basi kuulaumu ufupi wenyewe. La kuuliza ni kama mwenye mahadhi, mwenye maneno na mwenye sauti wametajwa, na kama matumizi ya asili ya wimbo yameandikwa mahali ili anayetaka ayajue.

Swali hili sasa linaihusu Nairobi kwa namna mpya, maana michezo haitoki ng'ambo tu. Kituo cha iHub kilifunguliwa katika barabara ya Ngong mwaka 2010, na vijana watengenezao programu wakapata mahali pa kukutania. Mwaka 2015 ulitoka Nairobi X, mchezo wa kupiga risasi ambao uwanja wake ni jiji lenyewe. Hapana budi siku moja mmoja wa vijana hao atatunga mchezo wa mikakati juu ya miji ya pwani, naye atahitaji mahadhi ya Waswahili.

Siku hiyo atakutana na utajiri utakaomtatiza. Atakuta gungu, vugo, msewe na taarabu, na kila moja ina watu wake, mji wake na shughuli yake. Atakuta pia siwa: ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Siwa haikupigwa ovyo. Ilikuwa alama ya mamlaka, ikatolewa katika shughuli za wakubwa, na kwa idhini ya wenye haki nayo. Mtungaji anaweza kurekodi mlio wake na kuuweka mahali popote apendapo katika mchezo. Asipoelezwa kwamba mlio huo ulikuwa na wenyewe, hatakuwa amefanya kosa lolote analolijua. Kumweleza ni wajibu wa wale wanaosomesha lugha na fasihi hizi, na njia ya kumweleza ni kuzikusanya nyimbo pamoja na majina ya wenye nyimbo, lahaja zao, na nyakati zilizopasa kuimbwa, na kuziweka mahali ambapo kijana wa barabara ya Ngong anaweza kuzifikia.